Mashini haina feza: banki zinachunga dola zetu namna gani?

Kila mwisho wa mwezi, Kolwezi sawa na Likasi ao Lubumbashi, tunaona kitu kimoja. Mushahara umeingia, simu imelia, ujumbe uko pale: konti yako imepokea. Mutu anatoka kazi ya usiku, hajalala bado, anaenda kusimama kwenye mulongo mbele ya mashini ya feza. Wa kwanza wanatosha. Wa makumi mbili anatosha. Kiisha mashini inaandika kama haina huduma kwa sasa. Mulinzi anasema: "Mungojee kidogo, bataleta ingine." Na ndani ya mulongo kunatoka paka swali moja: "Feza yetu iko wapi?"

Sisi pia tulisimama katika mulongo ule, mbele ya banki moja tusiyoitaja, saa tatu nzima, na tulisikia majibu yote ambayo watu wanajitungia. Mukubwa wa banki amekimbia nayo. Serikali imeikamata. Wazungu wameipeleka kwao. Hakuna mutu aliyetoka ndani kuja kueleza. Ndiyo maana tunachukua ukurasa huu leo, kwa sababu swali ni la haki na linastahili jibu la pole pole.

Mara nyingi jibu ni dogo. Feza iko, lakini gari la kuileta limechelewa, ao mutu wa kujaza mashini alikadiria vibaya. Hiyo inachosha, lakini haiui mutu. Kuna siku ingine ambapo jibu la kweli ni kwamba feza haiko. Kati ya siku hizi mbili ndipo inasimama kazi ambayo wanabanki wanaita kuchunga likidite, ni kusema kuchunga feza ambayo inaweza kutoka leo hii, si ile ambayo itarudi mwaka kesho wakati mukopaji atalipa.

Kila mama wa Manika ao wa Kenya anajua likelemba. Watu kumi, kila mumoja anatoa dola 50 kwa mwezi, na kila mwezi mumoja anabeba 500. Inatembea kwa sababu kila mutu anajua zamu yake. Sasa mufikiri likelemba bila zamu, ambapo kila mutu ana haki ya kuja siku yoyote, saa yoyote, na kusema: munipe yangu yote. Hiyo ndiyo banki. Wewe umeweka feza ya kutosha kila wakati. Banki imeikopesha kwa mutu anayenunua kamiyo la kubeba mawe, naye atalipa kwa miaka mitatu. Kamiyo liko, mukopaji analipa vizuri, hesabu ni nzuri. Lakini kama watu wote wanakuja siku ya tano, banki haiwezi kukata kipande cha kamiyo na kuwapa. Banki yenye kredi nzuri zote inaweza kuanguka katika juma moja, na wale wasiojua wataamini kwamba mutu aliiba.

Inchi yetu iliona jambo hilo kwa macho. Mwaka 2016, BIAC ilikuwa moja ya banki zenye matawi mengi katika Congo, na wafanyakazi wengi wa Serikali walikuwa wanapokea mushahara wao pale. Miezi ya kwanza ya mwaka ule, Banki Kuu ya Congo, BCC, ilifunga bomba la mukopo ambao BIAC ilikuwa inategemea ili kumaliza siku zake. Habari ikatembea mjini. BIAC ikaanza kuweka kipimo: kwa siku utatosha kiasi hiki tu, zaidi hapana. Na kila mutu anajua matunda ya kipimo cha namna ile. Yule ambaye hakuwa na haja ya feza leo, sasa anaamka saa kumi ya usiku kwenda kukamata nafasi. Mkubwa wa banki akaacha kazi, na BCC ikaweka banki chini ya usimamizi wake. Wakati ule inchi haikuwa na mfuko wowote wa kulipa wenye konti kama banki yao inaanguka. Mwalimu mwenye dola 300 na mufanyabiashara mwenye 300.000 walisimama mahali pamoja.

Tuseme pia kwamba hofu yetu haikuanza na BIAC. Wazee wetu waliokuwa Gécamines wanakumbuka Desemba 1979, wakati noti za 5 na 10 zaire zilikatazwa kwa siku chache, na mutu aliyekuwa na gunia la noti nyumbani akabaki na karatasi. Wanakumbuka 1991, Bindo Promotion na wengine wake waliokula akiba za watu, kiisha uporaji wa Septemba. Wanakumbuka 1993, zaire mupya. Na 1994, wakati bei zilipanda karibu mara mia katika mwaka mumoja. Mutu aliyepita katika vile vyote akajifunza mambo mawili: usilalishe feza yako benki muda murefu, na kama unachunga kitu, uchunge dola. Falanga ya Congo ilikuja 1998, lakini masomo yale mawili yalikuwa yameisha kuingia katika damu. Hadi leo, karibu 90% ya feza iliyowekwa katika banki za Congo ni dola. Inchi chache sana duniani zinaishi hivyo, na ndiyo inafanya shida ya banki zetu isifanane na ya banki za Ulaya, hata kama kanuni zinaandikwa kwa maneno yaleyale.

Tuangalie kanuni zile, kwa sababu zinagusa mushahara wa mutu wa mugodi kuliko anavyofikiri.

Baada ya shida kubwa ya 2007 na 2008, wakati watu wa Uingereza walipiga mulongo mbele ya Northern Rock, wakubwa wa banki kuu za dunia waliokutana Basel, katika inchi ya Uswisi, waliona kwamba walikuwa wanapima mtaji wa banki na kusahau feza iliyo tayari. Wakaandika kipimo kipya. Kinasema hivi: banki ifikiri siku 30 mbaya kabisa, watu wanatosha, wakopeshaji wanakataa kukopesha, ihesabu feza ngapi zitatoka katika siku zile, na iwe nayo yote tayari leo, 100%. Kipimo kilianza 2015 kwa 60%, kikapanda kumi kila mwaka hadi kufika 100% mwaka 2019.

Sasa sikilizeni namna wanahesabu, maana ndipo utamu upo. Hawasemi kwamba kila mutu anakimbia sawasawa. Feza ya familia, mushahara, akiba ya mama wa soko, wanaiona ni nzito: kama hakuna mfuko wa kuilinda, wanafikiri angalau 10 kwa mia itatoka katika siku 30. Feza ya kampani, ile ambayo haifungwi na kazi ya kila siku ya kulipa na kupokea, wanaiona ni nyepesi: 40 kwa mia itatoka. Feza ambayo banki ingine imeweka kwako wanaiona kama ndege kwenye tawi: 100 kwa mia.

Tufanye mfano wetu wenyewe, wa kufikiri tu. Banki moja ina depo za dola milioni 100. Kama 60 ni za familia na 40 ni za kampani, itahitaji 6 na 16, jumla milioni 22 tayari. Kama 60 ni za kampani na 40 za familia, inahitaji 24 na 4, jumla milioni 28. (Tunaacha pembeni feza inayongojewa kuingia, ili hesabu isitupoteze.) Munaona? Konti kidogo za watu wengi ndizo zinaimarisha nyumba. Yule mutu anayefukuzwa gishe kwa sababu "konti yako ni kidogo", ni yeye anayefanya banki ilale usingizi. Tungependa wakubwa wa matawi wawaambie watu wa gishe jambo hilo, kwa sababu namna watu wa kofia na botte wanapokelewa pale inaonyesha kwamba hawajalisikia.

Sasa turudi Lualaba. Katika muji wenye migodi, kila depo inatoka shimo moja. Kampani inayochimba inauza inje, inarudisha sehemu ya dola; Kode ya migodi ya 2018 inalazimisha 60% irudi wakati kampani bado inalipa madeni ya ujenzi wake, na 100% baada ya pale. Dola ile inalipa kampani ndogo zenye mikataba ya usafiri, ya ulinzi, ya chakula. Kampani ndogo zinalipa wafanyakazi. Wafanyakazi wanalipa shule, mwenye nyumba, mama wa bukari. Wote wako na konti, na konti zote zinapanda pamoja na kushuka pamoja. Mwanabanki wa Kinshasa anaweza kusema ana wateja elfu makumi. Kwa kweli ana mteja mumoja, na jina lake ni bei ya shaba.

Tuliona mwisho wa 2008: shaba ilikuwa zaidi ya dola 8.000 kwa tani katikati ya mwaka, Desemba ikawa chini ya 3.000, na Katanga ikajaa watu waliotumwa nyumbani. Na tuliona namna ingine mwaka 2025. Tarehe 22 Februari, mamlaka ya kusimamia soko la madini ya mkakati, ARECOMS, ilisimamisha kuuza kobalti inje kwa miezi minne, kwa sababu bei ilikuwa imeanguka sana. Juni wakaongeza miezi mitatu. Kuanzia 16 Oktoba wakafungua kwa kipimo: tani 18.125 kwa mwisho wa mwaka ule, kiisha 96.600 kwa mwaka katika 2026 na 2027. Inchi inayotoa zaidi ya 70% ya kobalti ya dunia ilifunga mlango kwa karibu miezi nane.

Hatusemi kwamba uamuzi ule ulikuwa mbaya. Bei ilipanda, na inchi ina haki ya kutetea mali yake. Tunasema hivi: kampani ambayo kobalti yake inalala katika depo ya kiwanda inaendelea kulipa mishahara, umeme na kodi. Inalipa na nini? Na feza iliyokuwa banki. Katika miezi ile, shaba ndiyo ilituokoa, bei yake ilikuwa nzuri na ilikuwa inatoka kila siku kuelekea Kasumbalesa. Mugodi wenye shaba na kobalti ulipumua kwa pua moja. Lakini mufanyabiashara aliyeishi kwa kobalti tu, kule Musompo, na creuseur aliyekuwa anamuuzia, walikauka haraka. Banki inayochunga likidite yake vizuri ilipaswa kujiuliza swali hilo kabla ya Februari: wateja wangu wangapi wanakula katika sahani moja?

Somo hilo Marekani walilijifunza kwa bei kubwa. Silicon Valley Bank ilikuwa na wateja wa kazi moja, kampani changa za mambo ya kompyuta, wote wanafahamiana, wote wanaongea katika simu. Tarehe 9 Machi 2023 walitosha dola miliare 42 katika siku moja. Kesho yake ilikuwa imefungwa. Hakuna aliyepiga mulongo usiku. Walitosha na kidole, wamekaa katika kiti. Na kile kipimo cha siku 30 tulichoeleza juu hakikuigusa banki ile, kwa sababu mwaka 2018 Bunge la Marekani lililegeza kanuni kwa banki za kadiri yake, baada ya wenye banki kulalamika kwamba kanuni zinawabana. Tunaandika hilo kwa makusudi, juu ya wale wa kwetu wanaosema kila siku kwamba BCC inawabana.

Kwetu simu pia iko. M-Pesa, Airtel Money, Orange Money: watu wanafikiri kwamba feza ya simu iko mbali na banki. Haiko mbali. Kampani za simu zinalazimishwa kuweka katika konti ya banki feza yenye kulingana na ile iliyo katika simu zetu. Mutu anayekimbia banki ili aweke katika simu, ameihamisha kutoka chumba kimoja kwenda chumba kingine cha nyumba ileile.

Tufike sasa kwenye jambo ambalo tunaona ni zito kuliko yote.

Katika inchi ingine, kama banki nzuri inakosa feza kwa siku chache, Banki Kuu inaikopesha. Ndiyo kazi yake ya kwanza. Banki Kuu ya Ulaya inaweza kutoa euro bila mwisho, kwa sababu ni yake. BCC inaweza kutoa falanga. Dola haiwezi. Dola inachapwa Marekani, na BCC inazo tu zile ilizonunua ao kupewa, zenye kuitwa akiba ya inje. Basi banki ya Congo yenye depo za dola, siku ya hatari, haina mama wa kukimbilia. Lazima ijitegemee yenyewe, ao wenye banki waongeze feza yao, ao banki za inje ziikopeshe. Hii ndiyo sababu banki zetu zinaacha dola nyingi zimelala katika banki za inje badala ya kuzikopesha hapa. Watu wanauliza: "Juu ya nini banapeleka feza yetu inje?" Sehemu ya jibu ni hofu hii. Sehemu ingine, tuseme ukweli, ni kwamba kukopesha mutu wa Dilala kunahitaji kazi, kutembelea duka lake, kujua tabia yake, na kulalisha feza inje hakuombi jasho.

Na dola iliyo katika konti si dola ya karatasi. Ile ya konti ni maandishi, inatembea kutoka kompyuta kwenda kompyuta. Ile ya karatasi lazima iletwe na ndege, na bima, na walinzi, na iwe safi, maana sisi wenyewe tunakataa noti yenye kupasuka hata kidogo. Banki inaweza kuwa na dola nyingi sana za maandishi na kukosa za karatasi Ijumaa mangaribi. Goma ilitufundisha. Mwisho wa Januari 2025, wakati muji ulichukuliwa na AFC/M23, banki zilifunga. Feza ya watu haikupotea katika vitabu. Namba zilibaki palepale. Lakini hakuna gishe, hakuna ndege, hakuna karatasi. Watu walivuka mupaka kwenda Gisenyi kutafuta mashini, na yule wa kutoa feza ya simu mjini alikata asilimia aliyoitaka. Mutu alikuwa na mushahara na alikosa unga. Mwanabanki ataita ile shida ya usalama. Mama wa Goma aliiita njaa.

BCC, kwa kutokuweza kuchapa dola, inashika banki kwa njia ingine: akiba ya lazima. Kila banki inaacha kwa BCC sehemu ya depo ilizopokea. Kwa depo za dola zenye kutoshwa wakati wowote, katika miaka iliyopita kipimo kilikuwa 13%. Kwa zile zilizofungwa kwa muda, 12%. Lakini kuna kitu ambacho wengi hawajui. Kwa muda murefu, akiba ile juu ya dola ilikuwa inalipwa kwa falanga. Banki inapokea dola 100 kutoka kwa mutu wa mugodi, na inapeleka BCC falanga zenye thamani ya 13.

Juu ya nini walifanya hivyo? Kwa sababu inasaidia falanga. Ili kupata falanga zile, banki inauza dola sokoni, na falanga inapata nguvu kidogo. Lakini kama chombo cha kuchunga likidite, ni chombo chenye tundu. Siku mutu anakuja kutosha dola yake, BCC itarudishia banki falanga. Na siku ya hofu, falanga ndiyo inaanguka kwanza, kwa hiyo akiba inapungua saa ileile inahitajika. Ni sawa na kuchunga mahindi kwa ajili ya njaa katika gala ambayo panya wanaingia paka mwaka wa njaa.

Shirika la Feza la Dunia, FMI, limesukuma kwa miaka ili akiba ilipwe katika feza ileile ya depo: dola kwa dola, falanga kwa falanga. Sisi tunaona kwamba ni haki. Lakini tusijidanganye kwamba njia hiyo haina bei. Dola iliyolala BCC haikopeshwi. Banki iliyokuwa inalipa akiba kwa falanga sasa itatafuta dola za kweli, na itazitoa wapi? Itapunguza kredi. Nani atakatwa wa kwanza? Si kampani kubwa, yenyewe inakopa London ao China. Ni kampani ndogo ya Mukongomani yenye mukataba wa kusafisha ao wa kubeba, ile ambayo sheria ya 2017 ilitaka kuinua, inayongoja siku 60 ao 90 kulipwa na mugodi na kuhitaji kredi ili ilipe watu wake katikati. Na watu wake ni nani? Ni wasomaji wetu. Kwa hiyo wakati Kinshasa wanapanga kuhama kutoka kanuni ya zamani kwenda mupya, mwendo unahesabika. Kuhama pole pole, kuanzia na depo zinazoongezeka, kunaumiza kidogo. Kuhama kwa siku moja kunaweza kufunga vyantie.

Chombo kingine cha BCC ni riba yake. Agosti 2023 iliipandisha kutoka 11% hadi 25%. Oktoba 2025 ikaishusha hadi 17,5%, chini ya gavana mupya, André Wameso, aliyeteuliwa Julai ya mwaka ule. Magazeti yaliandika sana. Lakini riba ile ni ya falanga, na kredi za banki zetu karibu zote ni za dola. Kilichogusa nyumba zetu katika majuma yale ni kingine: dola iliyokuwa inabadilishwa zaidi ya falanga 2.800 ilishuka chini ya 2.500 katika muda mufupi. Mutu aliyelipwa kwa dola alienda sokoni na mushahara uleule, akapewa falanga kidogo, na bei ya unga haikushuka kwa mwendo ule. Tulisikia wengi wakisema: "Sasa falanga imekuwa na nguvu, lakini nguvu yake iko paka kwenye dola yangu." Wengine walipata: yule mwalimu anayelipwa kwa falanga alipumua. Na kwa banki, mabadiliko ya namna ile ni mutihani wa likidite pia, kwa sababu kila mutu anataka falanga siku moja, na banki zilizojaza makasa dola zilikuta zinakosa kile ambacho jana hakuna aliyekitaka.

Sheria imesonga mbele pia. Sheria 22/069 ya 27 Desemba 2022 ilichukua nafasi ya ile ya 2002 juu ya kazi za banki, na inaipa BCC njia zaidi za kuingia katika banki yenye kulegea kabla haijalala chini. Ni nzuri kwenye karatasi. Kipimo cha kweli kitakuwa siku moja tu: je, BCC itaingia mapema na kusema, ao itangoja mulongo ufike barabarani kama 2016? Ukimya ule wa 2016 uliharibu zaidi kuliko deni lenyewe. Banki inaficha shida yake ili watu wasikimbie, na watu wanakimbia kwa sababu wanahisi kuna kitu kinafichwa. Banki nyingi za hapa zinatoa hesabu zao za mwaka. Tungetaka kipimo cha likidite, cha dola mbali na cha falanga mbali, kibandikwe kwenye mlango wa kila tawi kila miezi mitatu, sawa vile bei ya kubadilisha dola inaandikwa kila asubui kwenye kibao cha kambiste. Wenye banki watasema watu hawataelewa. Mutu anayejua kusoma kiwango cha shaba katika jiwe kwa kuliangalia na kulibeba mkononi, ataelewa namba mbili.

Na nyumbani, baba na mama wafanye nini? Hatutaki kumwambia mutu atoshe ao aache. Kukimbiza watu si kazi ya gazeti. Kuchimbia dola chini ya kitanda tunajua mwisho wake: wezi, moto, muchwa, na ndugu wa mume anayejua kila kitu. Kuna mambo madogo ya kuuliza. Banki yangu inalipa mishahara ya kampani ngapi, ya mugodi mumoja ao ya mingi? Matawi yake yako paka katika miji ya migodi, ao iko na watu wa mashamba, wa biashara, wa miji mingine? Kama nina akiba ya shule ya watoto, je, inapaswa kukaa pamoja na mushahara wa kila mwezi, konti moja, banki moja? Kama nimefunga feza kwa mwaka mumoja, nimesoma mukataba unasema nini siku nitahitaji kuivunja kabla ya wakati?

Kuna swali lingine ambalo mutu peke yake hawezi kuuliza, lakini wajumbe wa sindika wanaweza. Katika kampani nyingi, banki ya kulipia inachaguliwa na wakubwa wa feza, na mufanyakazi anapewa kadi tu. Wakati wa kujadiliana mukataba wa pamoja, wajumbe wanaongea juu ya gunia la unga, juu ya hospitali, juu ya bima ya mazishi, na ni haki. Waongeze mustari mumoja: kila mufanyakazi achague kati ya banki mbili ao tatu, na mushahara ulipwe kwa tarehe mbili tofauti, timu kwa timu, ili elfu nzima wasishukie mashini ileile Ijumaa moja. Migodi inajua kupanga zamu za kushuka shimoni saa ishirini na ine juu ya saa ishirini na ine. Zamu mbili za mushahara haziwezi kuwashinda.